Noti Ikishatoka Mkononi

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Wete aliyehamia Unguja kwa masomo, alinipigia ukurasa wa mwanzo wa Preludi (kipande cha ufunguzi) ya mtunzi Bach katika sauti ya G, ile iliyoandikwa kwa ajili ya selo, fidla kubwa ya sauti nzito, na ambayo wapigaji marimba wengi tumeiazima. Mikono yake mizuri. Virungu vinne vimetulia viganjani bila kugombana. Lakini kila alipoona noti yenye nafasi kidogo mbele yake, alianza kuitetemesha, tra-ra-ra-ra, mpaka nyengine ifike. Nikamsimamisha.

"Mbona unatetemesha kila pahala, mwanangu?"

"Maalim, nisipotetemesha inakufa."

Kweli inakufa. Mpiga fidla ana upinde, mpiga nai ana pumzi, mwimbaji ana kifua chake. Sisi tuna pigo moja, na likishatoka mkononi huna tena la kuifanyia noti ile ila kuizima au kuipiga upya. Nimepiga chombo hiki miaka mingi, mara nyingi peke yangu bila kikundi nyuma yangu, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba uzito wa kupiga peke yako uko hapo, katika namna unavyoiacha noti iondoke. Kutetemesha ni dawa, nasi tumeifanya chakula.

Niseme kwanza ni marimba ipi. Ukilitaja neno hili bara, wengi watakifikiria kile kisanduku chenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, kama cha Wagogo. Mimi nazungumzia ile ya vibao vya mbao vilivyopangwa mfano wa piano, na chini ya kila kibao bomba lake. Jina ni la Kibantu. Chombo kilivuka bahari na Waafrika waliopelekwa utumwani, kikaota mizizi Guatemala hadi kikawa chombo cha taifa, na mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Marekani vikakitia mabomba ya chuma na kukipandisha jukwaani. Mwaka 1940 mtunzi wa Marekani Paul Creston aliiandikia marimba kipande cha kupigwa pamoja na okestra nzima. Keiko Abe, mpiga marimba wa Japani, ambaye ndiye hasa aliyeifanya dunia iamini kwamba marimba inaweza kusimama peke yake, alishirikiana na kiwanda cha Yamaha hadi ikafika okteva tano mwaka 1984 (okteva ni umbali wa kutoka noti moja hadi noti ya jina lile lile inayofuata, juu au chini). Yangu haijafika huko. Ina okteva nne na theluthi, na kibao chake cha chini kabisa ni A. Ile G nzito ya waya wa selo sinayo, kwa hiyo Preludi nzima naipandisha okteva moja. Hilo lina gharama yake, nitalirudia.

Sasa kibao chenyewe. Kigeuze uone tumbo lake: limechongwa upinde katikati. Fundi hachongi hivyo kwa urembo. Kibao kikipigwa hutoa sauti yake kuu pamoja na sauti nyengine nyembamba juu yake, na ule upinde ndio unaoivuta sauti ya pili ikae okteva mbili kamili juu ya ile kuu, ili zisikorofishane. Halafu kuna uzi unaopita ndani ya mbao, takribani asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha. Umepitishwa hapo kwa sababu hapo mbao haichezi. Ukipiga juu ya uzi unapata sauti kavu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani usiku.

Ukipiga katikati kabisa unapata sauti kuu peke yake, duara, nyeusi kidogo, kwa sababu ile ya pili haitikisiki ukiipiga katikati. Sogea vidole viwili tu kuelekea ukingoni, sauti ya pili inaingia, noti inapata mwanga. Kwangu mimi hii ndiyo rangi ya kwanza ya mpiga marimba, kabla hajabadilisha virungu na kabla hajaongeza nguvu. Mwanafunzi anayepiga pahala pamoja tu kwenye kila kibao ni kama msomaji anayesoma shairi zima kwa sauti moja. Maneno yote yapo, lakini hakuna aliyeambiwa kitu.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havikunifundisha, nikalijua hapa hapa Mji Mkongwe kwa kuaibika. Nilitayarisha kipande cha polepole wakati wa kusi, chumba kina ubaridi wa Julai, nikakipiga mbele ya watu kaskazi imeshika, madirisha wazi, nyuzijoto 30 na jasho juu. Noti za chini zilikuwa dhaifu, na zilikataa kuondoka. Zikatandana moja juu ya nyengine kama nguo zilizoloa. Nilidhani nimechoka.

Sababu ni bomba. Kila bomba limezibwa chini, na urefu wake umepimwa ili hewa iliyomo iitikie sauti ya kibao kilicho juu yake. Hewa ikipata joto, sauti hukimbia zaidi: kwenye nyuzijoto 20 inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwenye 30 kama mita 349. Kwa hesabu ya karatasini, bomba la A yangu ya chini lililotakiwa kuwa na sentimita 78 sasa lataka zaidi ya 79. Bomba halikurefuka, kwa hiyo limepanda juu kwa zaidi ya robo ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa baina ya noti mbili za marimba. Na mbao nayo, ikishapata joto na kunywa unyevu wa pwani, inashuka kidogo. Wawili hawa walioumbwa waitikiane wameachana njia. Bomba likilingana barabara na kibao, linainyonya nguvu yake haraka na kuitoa nje: sauti kubwa, maisha mafupi. Lisipolingana, kibao kinabaki na nguvu yake: sauti ndogo, maisha marefu.

Marimba nyengine zina vizibo vinavyosogezwa kwenye mabomba ya chini. Kama yako inavyo, visogeze chini msimu wa joto, ukisikiliza mpaka noti ifunguke. Yangu haina. Basi nimejifunza kubadilisha mwendo: kaskazi napunguza msongamano wa noti za chini, nazizima kwa kirungu nisichokitumia, na kwenye kipande cha polepole naongeza mwendo kidogo. Kipande kile kile kina mwendo wa Julai na mwendo wa Januari. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wetu hujilinganisha na rekodi zilizofanywa kwenye vyumba vya baridi Ulaya, kisha wakajiona hawana mikono.

Kuhusu kushika virungu vinne sitakaa sana, maana watu hubishana hapo kama wanaobishania timu za mpira. Wapo wanaovikunja vipishane kiganjani, na mtindo unaoitwa kwa jina la mpigaji wa Marekani Gary Burton ni wa ukoo huo. Upo mtindo wa Leigh Howard Stevens, mpiga marimba wa Marekani aliyetoa kitabu chake cha mazoezi mwaka 1979, ambamo virungu havigusani kabisa na kila kimoja kinazunguka peke yake kwa kugeuza kifundo cha mkono. Mimi nashika kwa Stevens kwa sababu ya jasho tu: vijiti vinavyopishana vikiloa vinatelezana, na nusu kanga niliyoitundika kwenye fremu haikauki kwa kasi ya kutosha. Ninachomkagua mwanafunzi ni kama mkono unaanguka kwa uzito wake au unasukumwa. Pigo la kusukuma linabana kibao, kirungu kinakaa juu ya mbao muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa na kuimeza sauti yake mwenyewe. Kirungu kinatakiwa kitoke kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Sasa nirudi kwa yule binti na kutetemesha kwake. Aliyenitibu mimi ugonjwa huu hakuwa mpiga marimba. Alikuwa mzee wa Malindi, mpiga ganuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ambaye sasa hatunaye. Ganuni tunayo tangu enzi za Sultan Barghash, aliyemtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze, na ukikaa karibu nayo utaona ina msiba ule ule wa marimba: uzi ukishakwanyuliwa, basi. Nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, risha mbili za kukwanyulia kwenye vidole vya shahada, na noti inaanza kufa tangu inapozaliwa. Hata hivyo mzee yule akipiga taksim, ule upigaji wa peke yako unaobuniwa papo hapo, watu walikuwa wakiacha kahawa ikapoa.

Siku moja nilimpigia wimbo wa polepole kwenye marimba, nikitetemesha kwa unyenyekevu wote. Akaniuliza, "Hiyo noti ya mwisho umeimaliza wewe, au imemalizika yenyewe?" Sikuwa na jibu. Akavuta ganuni, akapiga sauti moja kwa mkono wa kulia, akangoja mpaka nikadhani ameghairi, kisha mkono wa kushoto ukaipiga ile ile okteva moja chini, kwa wepesi, ikiwa imechelewa. Ile ya pili haikurudisha ya kwanza. Iliionesha tu kwamba imekwenda mbali kiasi gani. Alitetemesha pia, lakini pale tu nyimbo ilipofika kwenye kituo chake, na hata hapo alianza polepole, akazidisha, akaacha kabla hatujatosheka.

Nilikwenda nyumbani nikafuta nusu ya mitetemo yote kwenye karatasi zangu. Palipokuwa na noti ndefu nikajaribu jibu la okteva ya chini. Pengine nikaacha uwazi. Taksim haina mapigo ya kuhesabu, na mpigaji anajua wakati wa kusema tena kwa kuisikiliza sauti iliyotangulia ilivyofika wapi. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa nikiikosa.

Sikatai mtetemo. Muziki wa Keiko Abe hauwezi kuishi bila huo, kwani kwake unapumua, unavimba na kupungua kama wimbi. Ninachokataa ni mtetemo wa woga. Ukiamua kutetemesha, jua kwamba vibao vya chini vinalia sekunde kadhaa vyenyewe, kwa hiyo mikono iende taratibu. Ukiharakisha huko chini tunasikia kugongagonga kwa virungu na si noti. Vya juu kabisa havifiki hata sekunde moja, hivyo vinataka mikono ya haraka. Kutetemesha kwa kasi moja kutoka chini hadi juu ni kosa ninalolisikia karibu kila wiki.

Basi tukaifungua Preludi upya. Vipimo vyake, yaani mafungu sawa ya mapigo, vyote ni 42, na katika vipimo vinne vya mwanzo noti ya chini ni G ile ile, mara mbili kwa kila kipimo, huku zile za juu zikibadilika. Nilimwambia aipe G ya kwanza uzito wa mkono mzima, kisha zile saba zinazofuata azibebe juu yake bila kuifunika. Kipimo kinajirudia nusu kwa nusu, noti nane kisha nane zile zile. Mpiga selo atabadilisha upinde. Sisi tunabadilisha pahala. Nane za kwanza nazipiga pembeni kidogo ya katikati, nane za pili katikati kabisa, kwa nguvu ile ile. Sikiliza: zinageuka kama kitu kilichosemwa, kisha kikafikiriwa. Hapa ndipo ile gharama ya kupandisha okteva inapolipwa. G yangu ya juu inakufa mapema kuliko ya selo, nami siwezi kujifanya kwamba bado ipo wakati haipo. Nikiipiga kwa uzito, sikio la msikilizaji linaibeba lenyewe hadi inaporudi.

Kuelekea mwisho kuna pahala ambapo A moja haihami, huku sauti nyengine zikizunguka juu na chini yake. Selo inapata hizo mbili kwenye nyaya mbili tofauti, na tofauti inajitokeza bure. Marimba haina ukarimu huo. A isiyohama naipiga karibu na uzi, nyembamba, na zile zinazotembea nazipiga katikati. Hapa binti alinishangaza, alilipata mara ya kwanza.

Tatizo likabaki chodi ya mwisho, noti tatu kwa pamoja. G, B, G. Wapigaji wengi huitetemesha mpaka makofi yaanze, na yeye alikuwa amejitayarisha kufanya hivyo. Nikamwomba aipige mara moja, kwa uzito wa mkono, kisha ashushe virungu na asikilize tu. Alipiga, akahesabu moyoni, akanyanyua uso kuniuliza kama yatosha. Nikamwambia bado, rudia. Noti hizi tatu hazifi pamoja. G ya juu inatangulia, B inafuata, na G ya chini, ile iliyoufungua ukurasa wa kwanza, inabaki peke yake.

Mara ya tatu aliweza. Pikipiki ikapita uchochoroni, hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya vibao, akiifuata.