Mizizi na miteremko ya Kigoma: yasemwayo na ukweli wake

"Ukishapanda miti, mlima hauporomoki." Mizizi hushika pale inapofika tu, na kwa miti mingi sehemu kubwa ya mizizi imo ndani ya mita 1 ya juu. Ikipenya hadi kwenye udongo mgumu au nyufa za mwamba, hufunga tabaka la juu na la chini pamoja. Ardhi ikikatika mita 5 chini, mti hushuka nayo.

"Kisiki kikibaki, mizizi bado inashika." Hili ndilo linaloponza wengi kwenye vilima vinavyoshuka Ziwa Tanganyika. Kisiki kikifa, mizizi myembamba, ambayo ndiyo hasa inayobana udongo, huoza mapema. Mteremko huvumilia misimu michache ya mvua, kisha unaporomoka na watu wanalaumu mvua ya mwaka huo. Bahati nzuri, miti mingi ya miombo huchipua kisikini. Acha machipukizi mawili au matatu yenye afya, usichome moto, na mizizi itabaki hai.

"Migomba inatosha." Haitoshi. Mizizi yake mingi iko juu juu, na shina lililojaa maji ni mzigo. Majani yake yakitandazwa, hata hivyo, yanakinga udongo vizuri dhidi ya matone ya mvua.

"Nyasi ni za mifugo tu." Mizizi ya vetiva, nyasi ndefu inayoota kwa mafungu, huweza kushuka mita 2 hadi 3, na aina inayopandwa mashambani haisambai kwa mbegu. Mvua zikishika, mwezi Novemba, gawanya fungu la nyasi hiyo, kata majani yabaki sentimita 20, na mizizi ibaki sentimita 10. Panda vichipukizi 2 au 3 kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kati ya mashimo, kwa kukingama mteremko. Usawa upime kwa fremu ya fito yenye umbo la A, uzi na jiwe, macho hudanganya. Ziba kila pengo mapema: maji hukusanyika hapo na kuchimba korongo.

"Nyufa zikitokea, tupande haraka." Ufa uliopinda kama mwezi mchanga juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi mpya chini yake maana yake udongo umeshaanza kutembea. Mche hauna muda wa kuzuia hilo. Ondokeni kwanza kwenye nyumba zilizo chini, mwiteni mtendaji wa kijiji, na maji ya juu yaelekezwe mbali na ufa kama pana usalama wa kufika.