Je, wajua? Jina ulilolifunika kwa weusi kwenye PDF bado linasomeka

Kwa miaka niliamini kwamba ukichora kisanduku cheusi juu ya jina kwenye kompyuta, jina limekwisha. Imani hiyo ilinitoka kwenye steshenari moja ya Mwanga, Kigoma. Nilikuwa na hati ya kiapo ya ndugu yangu kuhusu matunzo ya mtoto, ya kupandishwa kwenye mfumo wa mahakama, na nilishafunika jina la mtoto na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mama yake. Kijana wa pale akaburuta kipanya juu ya weusi, akakopi, akapesti kwenye ukurasa mtupu.

"Mzee, mbona jina hili hapa?"

Kosa letu tuliokulia kwenye karatasi ni kudhani faili nalo ni karatasi. Kwenye karatasi, wino mzito unameza herufi. PDF haina cha kumeza. Ifikirie kama maagizo unayomwachia fundi wa mabango: hapa andika jina, herufi za ukubwa huu, chini yake andika tarehe, ukimaliza, paka mstatili mweusi pale kwenye jina. Kompyuta inatii agizo baada ya agizo, nawe unaona bango lililokamilika. Ila unayemtumia faili humpi bango, unampa maagizo yote. Agizo la kwanza linalitaja jina, la mwisho linataja rangi, na hakuna linalosema "lisahau jina". Turubai la mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, haliwaondoi dagaa walio chini yake.

Hata mawakili wazoefu wamenaswa. Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari iliyofunikwa. Waandishi wa habari wakakopi na kupesti, na tuhuma kwamba alimpa Konstantin Kilimnik, mshirika wake aliyehusishwa na ujasusi wa Urusi, takwimu za utafiti wa maoni ya wapiga kura zikawa hadharani.

Dawa ni kuyaondoa maneno yenyewe. Kwenye nakala ya Word futa jina, andika "mtoto A", kisha tengeneza PDF mpya. Usihariri PDF ileile, maana programu nyingine huongeza mabadiliko mwishoni mwa faili na kuacha toleo la zamani ndani. Kuprinti, kufunika na kuskani pia hufaa, lakini wino wa kalamu nene wakati mwingine hupenywa na mwanga wa skana. Makasi hayana shida hiyo. Nakala yenye majina kamili itunze. Mahakama inaweza kuihitaji, muulize karani.

Namba ya NIDA ina mtego wake. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiziacha hizo "za utambulisho tu", umeshatangaza umri wa mtu. Mahakama za shirikisho za Marekani huacha tarakimu 4 za mwisho za namba za aina hiyo.

Upana wa kisanduku nao husema kitu, ingawa hapa ni kukisia tu: kwenye shauri la watoto wawili, Asha na Magdalena, weusi mfupi umeshajibu.

Hati yetu tuliiandika upya. Kijana akakopi tena, akapesti: "mtoto A". Akanitoza ukurasa mmoja.