Sokwe wako Gombe, kwa nini wanasayansi wanamng'ang'ania inzi wa embe?

Ukiwa Kibirizi, mjini Kigoma, unasubiri boti ya kwenda hifadhi ya Gombe, menya embe uone. Hujafika kwenye kokwa, inzi wadogo wenye macho mekundu wameshajaa kwenye maganda. Huko unakokwenda wako sokwe, miongoni mwa ndugu zetu wa damu wa karibu zaidi katika wanyama wote. Lakini je, wajua kwamba kuhusu jinsi tunavyorithi maumbile, hao inzi ndio waliotufundisha zaidi?

Kwanza ni suala la muda. Sokwe jike wa Gombe huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 13, kisha hupita miaka mitano hivi ndipo azae tena. Anayetaka kuona vitukuu vyake atastaafu bado anasubiri. Inzi wa matunda hutoka yai hadi utu uzima kwa siku 10 hivi, na mamia hutosha kwenye chupa moja. Ndivyo mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alivyofanya kule New York: mwaka 1910 alipata dume mwenye macho meupe, akamzalisha, akafuatilia wajukuu, akaonyesha kwamba jeni, yaani maagizo ya urithi, hukaa kwenye kromosomu, vijinyuzi vilivyo ndani ya seli. Mwaka 1933 akapewa Tuzo ya Nobel.

Haya, inzi ni rahisi kufuga. Lakini urahisi si hoja. Nani katupa ruhusa ya kumtazama inzi tukasema habari za mtu?

Jibu ni ukoo. Mwaka 1995, maabara ya Walter Gehring huko Uswisi ilichukua jeni ya panya inayoamuru jicho liote, ikaiwasha ndani ya inzi, sehemu zisizo za macho. Macho yakaota mpaka miguuni! Na hayakuwa ya panya, yalikuwa ya inzi. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio linalosema yote mawili kwa mpigo: amri tumeirithi kwa babu mmoja, ila kila mmoja anajenga kwa matofali yake.

Kwa hiyo undugu wa jumla hautoshi, lazima uthibitishwe kwa swali lile lile unalouliza. Dawa ya thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ililemaza maelfu ya watoto tumboni mwa mama zao. Ilipokuja kuchunguzwa, vijusi vya panya havikudhurika kama vya binadamu. Vya sungura vilidhurika. Ungemwamini panya peke yake, ungeipitisha.

Tena yapo maswali yasiyohitaji mnyama wa kumwakilisha binadamu kabisa. Ndani ya Ziwa Tanganyika kuna samaki anayekula magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda: wengine kulia, wengine kushoto. Wa kulia huvizia kwa nyuma na kunyofoa ubavu wa kushoto. Wa kushoto hufanya kinyume. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwa nini hakuna upande unaoshinda: wa kulia wakizidi, windo hujifunza kulinda ubavu wa kushoto, basi wa kushoto wanashiba, wanazaa, wanaongezeka, mpaka zamu igeuke. Samaki huyo hasimami badala ya mtu yeyote. Walimfuata ziwani kwa sababu swali lenyewe linaishi humo.