Jirani akitaka kusoma kwetu: yale ambayo "Jumuiya moja" haiyafuti

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Tangu hapo, meza yetu ya wanafunzi wa kimataifa, hapa chuoni Dar es Salaam, haipumui kila msimu wa udahili. Wanaokuja tunawakaribisha kwa mikono miwili. Kinachotuchosha ni malalamiko ambayo karibu yote huanza na swali lilelile: "Si tuko Jumuiya moja, kulinganisha cheti kwa nini tena?"

Swali hilo lina historia, na wanaouliza hawakosei kabisa. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja, chenye kampasi tatu. Mwenye kutaka sheria alikuja Dar es Salaam, wa uhandisi akaenda Nairobi, wa udaktari akaenda Makerere. Hata kilipokuwa kinakaribia kuvunjwa, vijana wa majirani waliendelea kuja Mlimani, kampasi ya Dar es Salaam: Yoweri Museveni aliingia mwaka 1967 kusoma siasa na uchumi, na John Garang wa Sudan naye alipita hapo baada ya shahada yake ya kwanza Marekani. Mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chuo chake, na baadaye kila nchi ikapanga upya elimu yake ya sekondari namna ilivyoona inafaa. Hapo ndipo vyeti vilipoacha kusomeka kwa namna moja.

Mei 20, 2017, wakuu wa nchi wanachama walitangaza hapa Dar es Salaam kwamba Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo linanukuliwa sana na kusomwa kidogo. Linataka nchi zitumie mfumo mmoja wa kutafsiri sifa, zisaidiane kuhakiki ubora, na zirahisishe mwanafunzi kuhama. Halikusema cheti cha nchi moja kinageuka chenyewe kuwa cha nchi nyingine. Vilevile Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lile la Kampala lililoanza mwaka 1980, huratibu. Halitoi ithibati kwa niaba ya nchi. Chuo kuwa mwanachama wa Baraza hilo si uthibitisho kwamba programu uliyolipia inatambuliwa. Waulize wasimamizi wa vyuo vikuu wa nchi husika, kwa Uganda NCHE, kwa Kenya CUE, kwa Tanzania TCU, na uliza jina la programu, siyo la chuo tu. Watanzania wanaokwenda kusoma nje nao wasijitoe katika jambo hili: shahada yako ukirudi nayo itapita TCU kutambuliwa, na anayegundua kwamba programu yake haikuwa na ithibati huwa ameshamaliza ada na miaka.

Sasa ulinganifu wa vyeti, yaani kupima cheti cha nje kinalingana na kipi cha hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Mwombaji mwenye cheti cha sekondari cha nje, awe raia wa nje au Mtanzania aliyesomea Nairobi, hupeleka maombi Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, anapakia vyeti halisi, analipia, na anapewa ulinganifu ambao ndio mfumo wa udahili unautambua. Mwenye stashahada ya nje huanzia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Mwenye shahada anayetaka uzamili huanzia TCU. Ukipeleka cheti cha sekondari TCU utarudishwa. Ukipeleka shahada NECTA utarudishwa. Tumelieleza hili kwenye tangazo la udahili, kwenye fomu, na kwenye barua pepe ya kujibu maombi, na bado linaulizwa na watu walioshika fomu hiyo mkononi.

Ulinganifu si muhuri tu. Uganda ina kidato cha tano na cha sita kama sisi. Kenya, kwa mfumo wake wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, haina miaka hiyo miwili, na sasa inahamia mfumo mwingine wenye miaka mitatu ya sekondari ya juu. Kongo mwanafunzi hutoka na diploma ya taifa iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mtaalamu wa NECTA anatazama masomo, miaka na madaraja, ndipo aseme kinalingana na nini. Majibu yanaweza kuwa kwamba hujafikia kiwango cha kuingia moja kwa moja. Hilo likitokea, chuo hakina mamlaka ya kulibadilisha, na kumpigia simu mkuu wa idara hakusaidii. Vyeti vya Kifaransa au Kiarabu vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma hiyo. Tafsiri iliyoandikwa na binamu anayejua Kifaransa, hata ikiwa sahihi neno kwa neno, hatuipokei.

Kuna vishoka. Wapo mipakani na wapo kwenye makundi ya WhatsApp, wanauza "nafasi" na barua za kukubaliwa zenye nembo ya chuo. Barua halisi ya udahili haiuzwi, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, haipiti kwenye simu ya mtu binafsi. Tukikuta cheti au barua ya kughushi, udahili unafutwa siku hiyohiyo, hata kama uko mwaka wa tatu. Aliyekwisha kuhitimu anaweza kunyang'anywa shahada. Taarifa huenda polisi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka saba, na kuwasilisha hati ukijua ni ya kughushi kuna adhabu kama ya aliyeighushi. Kwa hiyo utetezi wa "sikuitengeneza mimi, nilipewa" hauna uzito ambao watu wanadhani unao.

Uhamiaji. Raia wa nchi za Jumuiya akiingia kama mgeni anaweza kupewa hadi miezi sita bila malipo. Muhuri huo ni wa matembezi. Kuna wanafunzi ambao miezi sita ikikaribia kwisha hupanda basi hadi mpakani, Namanga au Mutukula, wanavuka, wanakunywa chai, wanarudi na muhuri mpya, wakidhani wamemaliza kazi. Hawajamaliza, wamejiandikia ushahidi ndani ya pasi yao wenyewe. Anayesoma anatakiwa kuwa na kibali cha mwanafunzi, na maombi yake huanzia chuoni kwa sababu ni chuo kinachothibitisha kwamba umesajiliwa. Utahitaji pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, barua ya udahili, picha na uthibitisho wa atakayekulipia. Kibali hakijihuishi. Ukihama programu, tuambie. Ukiahirisha mwaka, tuambie, kwa sababu kibali kimetolewa ukiwa masomoni. Anayekutwa bila kibali anakabiliwa na faini, kifungo au kuondoshwa nchini chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na chuo hakiwezi kumdhamini kwa jambo ambalo hakukiambia. Kitambulisho cha taifa, ambacho Kenya, Uganda na Rwanda hukitumia kuvukia baina yao tangu mwaka 2014, hapa hakichukui nafasi ya pasi. Walioko kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu, wana sheria yao, ya wakimbizi ya mwaka 1998, na waanze na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla ya kuja kwetu.

Kuhusu ada nitakuwa mfupi. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1997 ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania nayo imo, inazitaka nchi wanachama zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC, na ziwatoze kama wenyeji. Soma jedwali la ada la mwaka husika, usitegemee la kaka yako. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, ni wa Watanzania.

Wanaokuja kwa muhula mmoja tu, kwa makubaliano baina ya vyuo, hupata shida ya aina nyingine, na hii binafsi naiona ndiyo yenye kuumiza zaidi kwa sababu kosa si lao. Hapa kwetu krediti moja, kipimo cha uzito wa somo, huhesabiwa kwa saa 10 za kujifunza, pamoja na zile za kujisomea, na mwaka mzima ni krediti 120. Uganda krediti moja ni saa 15 za darasani. Mwanafunzi anarudi Kampala na namba ambazo mkuu wake wa idara hajui azifanyie nini, na anaweza kuambiwa arudie somo alilolifaulu. Dawa yake ni karatasi moja: orodha ya masomo utakayochukua huku na yatakavyohesabiwa kwenu, iliyosainiwa na vyuo vyote viwili kabla hujasafiri. Ikisainiwa baada ya muhula kwisha huwa ni ombi tu.

Na Kiswahili. Majirani wengi hudhani watafundishwa kwa Kiswahili; lugha ya kufundishia chuo kikuu ni Kiingereza, isipokuwa kwenye kozi za Kiswahili chenyewe. Mwanafunzi wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kuongea Kiswahili siku nzima sokoni Mwenge bila tatizo, halafu ripoti ya Kiingereza ikamshinda kwa kuwa amesoma kwa Kifaransa maisha yake yote. Aombe kozi ya lugha mapema, hakuna aibu. Kwa upande mwingine, wanaokuja mahususi kwa ajili ya Kiswahili wanaongezeka tangu Rwanda ilipokifanya lugha rasmi mwaka 2017 na UNESCO kuitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ndio wageni tunaoishi nao kwa raha zaidi, sina sababu ya kuficha. Vikundi vya utamaduni navyo hufurika tarehe hiyo ikikaribia.

Kiongozi wa kikundi atume majina kama yalivyo kwenye pasi, siyo majina ya jukwaani, pamoja na orodha ya ngoma na mavazi, hasa vyenye ngozi ya mnyama, ili tuulize mapema kama vinahitaji kibali mpakani. Kila msafiri anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na kadi ya chanjo. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 inadumu maisha yote, hivyo mwenye kadi ya zamani asichomwe upya na asimlipe yeyote anayemwambia imekwisha muda.