Jiografia ya Kijamii na Kiuchumi ni Nini? Mfano wa Mkonge wa Tanga

Jiografia ya kijamii na kiuchumi ni tawi la jiografia linalochunguza mahali ambapo watu huzalisha, husafirisha, huuza na kutumia mali, sababu za shughuli hizo kuwa hapo na si kwingine, na namna zinavyoathiri maisha ya jamii husika. Uchumi wa dunia ni mfumo wa uzalishaji na biashara unaoyaunganisha maeneo hayo, hata bei inayopangwa katika nchi moja ikaamua ajira ya mtu aliye katika nchi nyingine. Dhana hizi mbili hufundishwa pamoja kwa kuwa ni vigumu kuieleza moja bila kuitaja ya pili, na zao la mkonge katika Mkoa wa Tanga linalidhihirisha hilo vizuri kuliko mifano mingi ya darasani.

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mkonge ulishamiri Tanga, aghalabu hutaja hali ya hewa na udongo. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Mkonge asili yake ni Mexico, nao uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Ardhi inayoufaa mmea huo, ambao huvumilia ukame, ipo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, lakini Tanga ilikuwa na bandari, na mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandarini hapo kuelekea bara. Mashamba yakaifuata reli hadi Muheza na Korogwe, na baadaye yakaenea Morogoro na Kilosa, kandokando ya Reli ya Kati.

Reli pekee nayo haielezi kila kitu. Jani bichi la mkonge likipitishwa katika korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa singa, hubaki nyuzi zisizozidi takribani asilimia 4 ya uzito wake. Kusafirisha majani mabichi kwa umbali mrefu ni hasara, hivyo korona ilisimikwa shambani au karibu nalo, palipo na maji mengi ya kuoshea singa. Hiyo ndiyo kanuni aliyoifafanua Mjerumani Alfred Weber mwaka 1909, kwamba kiwanda kinachotumia malighafi inayopoteza uzito mkubwa huvutwa kuelekea inakotoka malighafi. Singa zilizokaushwa na kufungwa marobota hazipotezi tena uzito mkubwa, na kwa hiyo ziliweza kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani kusokotwa kamba, na sehemu kubwa ya faida ya usokotaji ikabaki hukohuko.

Upande wa kijamii wa somo hili unaonekana zaidi katika suala la wafanyakazi. Wenyeji wa jirani, waliokuwa na mashamba yao, hawakuwa na haja ya kukata mkonge kwa ujira mdogo, kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu wa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Msumbiji. Watu hao walioitwa manamba waliletwa kwa mikataba, na mwaka 1944 ikaanzishwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Mikoa walikotoka ikapoteza nguvu kazi ya vijana, wakati kambi za Tanga zikawa mchanganyiko wa makabila ambao alama zake zipo hadi leo. Ramani ya zao moja, kwa maneno mengine, ilikuwa pia ramani ya uhamaji.

Tukija kwenye soko la dunia, kamba za mkonge zilitumika sana kufungia mazao yaliyovunwa kwa mashine katika nchi zenye kilimo kikubwa cha nafaka. Bei ilipanda sana wakati wa Vita vya Korea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna nchi nyingine iliyokifikia wakati huo. Kisha zikaja kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli, na bei ikashuka. Mkulima wa mahindi anaweza kubadili zao msimu ujao. Mkonge huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza na huvunwa kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kwa hiyo shamba hubaki limefungwa na uamuzi wa zamani.

Wapo wanaodai kuwa zao hili liliuawa na plastiki, na wapo wanaolaumu kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967. Mjadala huu unahitaji kulinganisha maeneo, si kuchagua upande. Brazil, ambako hakukuwa na utaifishaji wa aina hiyo, nayo iliona uzalishaji wake ukipungua, jambo linaloonyesha uzito wa soko la dunia. Kenya, ambako mashamba kama ya Vipingo huko Kilifi yalibaki mikononi mwa kampuni binafsi, ilipata pigo hilohilo la bei lakini haikuporomoka kwa kiwango cha Tanzania, ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikizalisha takribani moja ya kumi ya kiasi chake cha zamani. Bei ya dunia, basi, inaeleza kwa nini mkonge ulishuka kila mahali. Sera na uendeshaji wa ndani vinaeleza kwa nini Tanga ulishuka zaidi.