Dorothea alimwona nani pale mezani?

Kila mwaka tukifika kwenye Middlemarch, riwaya ya George Eliot, swali la kwanza darasani ni lilelile: sasa huyu binti na akili zake zote, kampendea nini yule mzee? Wanauliza kwa hasira kabisa, utadhani Dorothea ni dada yao. Nimefundisha riwaya za Kiingereza za karne ya 19 muda mrefu, na kadiri ninavyoirudia hii ndo naona Dorothea hakuwa mjinga hata kidogo, shida yake ni kwamba alipewa maneno machache ya mtu halafu yaliyobaki akayajaza mwenyewe, tena akayajaza vizuri mno.

George Eliot aliitoa kwa sehemu 8, mwaka 1871 hadi 1872, ila mambo yenyewe kayarudisha nyuma miaka kama 40. Dorothea Brooke hajafika hata 20, yatima, anaishi na mdogo wake Celia nyumbani kwa ami yao. Jioni moja anakuja mgeni kula, Edward Casaubon, kasisi wa Lowick, umri umeshapita 45, miaka na miaka anakusanya noti za kitabu kikubwa cha kufumbua visasili vyote vya dunia. Dorothea anamtazama anaona uso wa Locke yule mwanafalsafa. Celia kakaa mezani hapohapo, na yeye anaona vinundu viwili vyeupe vimeota nywele.

Sisi tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Dorothea ndo alivyomsoma huyu baba, yaani ukavu wake akaufanya kina. Kuna sehemu anamweleza ndoto yake ya kuwajengea maskini nyumba nzuri, kitu anachokipenda kutoka moyoni, Casaubon anajibu kwa kuzungumzia vyumba vidogo vya Wamisri wa kale, basi, mada imeisha. Dorothea anaumia kidogo halafu anamtafutia sababu. Wakati huohuo Sir James Chettam, kijana wa jirani, yuko tayari kuzijenga nyumba hizo kweli kwenye ardhi yake, na Dorothea anaamini huyu anakuja kwa ajili ya Celia!

Halafu inakuja barua ya posa, na hapa mi huwa nasimama kipindi kizima. Isome polepole. Casaubon anasema aligundua kuna upungufu katika maisha yake wakati uleule alipopata nafasi ya kumfahamu Dorothea. Upungufu WAKE. Ukitafuta humo ndani binti mwenyewe anataka nini, hupati. Lakini Dorothea anaisoma akitetemeka, anapiga magoti, anaficha uso, analia kwa furaha. Jibu lake anaandika mara 3, na maneno habadilishi, anachorudia ni mwandiko tu, kwa sababu hataki Casaubon aone ana mwandiko mbaya. Mimi hapo ndo moyo unaniuma kuliko sehemu yoyote ya kitabu, maana tayari ameshaanza kuwa karani wa mtu.

Na tusimwonee Casaubon pia. Alikuwa anangoja mafuriko ya mapenzi kama washairi walivyoahidi, akaingia kwenye uchumba akakuta kijito ambacho hakifiki hata kifundoni, akaamua washairi wametia chumvi. Naye pia alijijazia Dorothea wake kichwani, akaona mke atakayemsifu na asiyeuliza chochote. Ndoa ikapangwa ndani ya wiki 6, wakaenda fungate Roma, na huko tunamkuta bibi harusi analia peke yake chumbani. Hukohuko Will Ladislaw, ndugu wa mbali wa mume, anamdokeza kwamba Wajerumani wameshapita mbali kwenye utafiti ule na Casaubon Kijerumani hakijui. Kile kina chote alichokuwa anakipigia magoti, kumbe.

Ila mkitaka kuona Eliot alivyo fundi, rudini nyuma kabla ya harusi, siku Casaubon anatarajiwa tena kwa chakula. Celia kakaa anakata mtu wa karatasi, kichezeo cha watoto wa kasisi msaidizi, anamwambia dada yake natumaini kuna mgeni mwingine, ili nisimsikie yule anavyokunywa supu, anavyokwangua kijiko, halafu kila akitaka kusema lazima apepese macho kwanza. Hajui kwamba jibu limeshapelekwa. Dorothea anamwambia, nimekubali kuolewa naye. Celia anageuka rangi, na yule mtu wa karatasi angekatika mguu kama mikono ya Celia isingekuwa imezoea uangalifu. Anamlaza chini taratibu, anakaa kimya, halafu machozi yanamlenga anamwambia dada yake natumaini utakuwa na furaha.