"Ki-" haina kosa

Jana nililetewa habari ya kuhariri, ya mama asiyeona anayeuza maandazi, na juu yake ujumbe: "Nimeshaondoa maneno yote ya ki-, sasa ina staha." Nimeambiwa hivyo mara nyingi mno: kwamba maneno kama kipofu na kiziwi, kwa hiyo ki- ya mwanzo, yanamgeuza mtu kitu.

Kama ki- ndiyo inayomgeuza mtu kitu, basi kiongozi ni kitu, na kijana, na kinyozi, na kiranja wa darasa. Umbo lao ni la KI-VI, upatanisho wao ni wa A-WA: kiongozi amefika, kipofu amefika. Tusi linaanza mtu anaposema "kile kipofu kimefika". Hapo mtu ametolewa kwa watu akawekwa pamoja na kiti na kisu. "Lile jitu" na "vile vizee" ni vivyo hivyo.

Sikatai kwamba kipofu, kiziwi, kiwete na kibogoyo wamerundikana kwenye umbo hilo moja la ki-, na mrundikano huo unanisumbua. Lakini sikilizeni wenyewe. Tanzania kuna Chama cha Wasioona, na kuna Chama cha Viziwi, CHAVITA. Hao wa pili wamelibakiza neno lenye ki-, na viziwi niliozungumza nao hawataki kuitwa "wasiosikia": wana lugha yao ya alama, kwa nini watajwe kwa walichokosa? Kanuni moja ya kuwatosha wote sina.

Neno baya kuliko yote niliyowahi kusikia halina hata ki-: "dili". Ndivyo watu wenye ualbino walivyoitwa mitaani Tanzania, miaka ile walipokuwa wakiuawa ili viungo vyao viuzwe. Yaani mali ya kuuza.

Turudi kwenye habari yenyewe. "Mlemavu huyo wa macho anauza maandazi licha ya hali yake." Mteja aliyenunua maandazi mawili alipewa jina, umri na kazi katika aya ya pili. Jina la mama mwenye biashara lilikuja aya ya sita! Kabla ya hapo ni "mlemavu huyo alisema", "mlemavu huyo aliongeza", mara tano. Na hiyo "licha ya" imeshahukumu kwamba asiyeona hakutarajiwa kukanda unga. Unga unakandwa kwa macho?

Nimeirudisha. Jina lake liende sentensi ya kwanza, "mlemavu huyo" ifutwe kote, na kutoona kwake kutajwe pale kunapohusika: anavyoipima noti kwa vidole, akajua ni ya elfu moja au elfu tano, kabla hajarudisha chenji.